Simu Iliyosingiziwa

Habari ya kufa kwa Mama Noella ilinifikia nikiwa kazini, katika chumba kidogo cha hospitali ambamo nilikuwa nikimkalimania mzee mmoja wa Mombasa maneno ya daktari wa figo, kwa hiyo sikuweza kulia. Nilimaliza kazi, nikasaini karatasi yangu, nikaenda chooni, ndipo nikalia mpaka mtu akagonga mlango kuuliza kama niko salama. Jumamosi nilikwenda kwenye matanga, kama Wakongo wanavyouita msiba wao, katika ukumbi wa kanisa. Nilikaa na buibui langu kati ya akina mama wa kwaya, na kila aliyesimama akasimulia lake: Mama Noella alivyopika, alivyosali, alivyowakaripia vijana waliojificha nyuma na simu zao. Wote walisema kweli. Lakini hakuna aliyeutaja mwaka ule tulioishi pamoja Queensbury, mtaa wa London, nikafahamu kwamba hakuna aliyeujua ila mimi. Ya kwetu Wete na safari iliyonileta huku nayaacha, maana kila mtu wa umri wangu ana safari yake na zote zinafanana. Mwaka ule wa Queensbury haufanani na wa mtu. Ndio ulionipa kazi ninayoifanya mpaka leo, na bado sijui kama niushukuru au niulaani.

Tulikuwa wapangaji wa vyumba viwili vya juu katika nyumba ya Bi Kusum, Muhindi aliyezaliwa Kisumu, ambaye alitusemesha Kiswahili cha dukani na kutukataza kukaanga samaki madirisha yakiwa yamefungwa. Chumba changu kilikuwa na karatasi za ukutani za maua ya kijani, na penye unyevu maua yamegeuka kahawia. Chake kilikuwa mkabala, kitanda, masanduku mawili, na picha ya mwanawe Noella imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, ili Bi Kusum asione gundi. Mimi nilikuwa nimepita ishirini kidogo, yeye angeweza kunizaa. Wiki ya kwanza alinunua sufuria mpya, akafunga uzi mwekundu kwenye mpini wake, akaniambia, “Hii ni yako peke yako, mtoto yangu. Nguruwe haitaiona.” Sikuwa nimemwomba. Jumapili akirudi kanisani alipika sombe, kisamvu cha kwao, kwa mawese na makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi wanaonuka mpaka barabarani, na mimi nikipata nafasi nilimpikia wali wa nazi, akala akitikisa kichwa na kusema Waislamu watakwenda mbinguni kwa mapishi kama si kwa dini. Nilicheka sana katika jiko lile.

Sote wawili tulifanya kazi kwa kampuni moja ya kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa uji na vidonge. Kwangu ilikuwa kazi ya kupitishia wakati. Kwake ilikuwa roho. Noella alikuwa Kampala kwa mama yake mdogo, aliachwa angali anajifunza kuandika jina lake, na sasa karatasi za kumleta zilikuwa zimefika pazuri. Wakili alikuwa amempa Mama Noella onyo moja tu, akalirudia mara nyingi: asikose kazi, hata kidogo, mpaka ruhusa ya mtoto itoke. Kila alasiri akirudi kutoka kwa wazee wake alimpigia simu, na ukuta wetu ulikuwa mwembamba. Nilijua Noella hapendi maharage. Nilijua amekuwa wa pili darasani na kwamba anataka kujua kama London kuna mbwa mitaani. “Hakuna,” mama yake alimwambia, “huku bambwa banalala kwa kitanda.” Mtoto akacheka, nami upande wangu nikacheka pia, kisha nikaona haya kama niliyeiba.

Mwaka ule kampuni iliacha vitabu vya kusaini, ikatutaka tuweke programu kwenye simu zetu. Ukifika mlangoni kwa mzee unaifungua, unabonyeza, ofisi inajua umefika. Ukitoka unabonyeza tena. Simu ya Mama Noella alikuwa ameinunua Edgware Road kwa Seif, kijana wa Unguja aliyekuwa na kijimeza cha simu katika kona ya duka la Waarabu. Ilikuwa simu ya Android iliyotoka Ghuba, nzuri, ya rangi ya dhahabu, na Mama Noella aliifuta kwa kitambaa cha miwani. Asubuhi moja, akiwa mlangoni kwa mzee mmoja Rayners Lane, programu ikakataa kufunguka. Likaja andiko jekundu la kusema kwamba simu hii imevunjwa ulinzi wake na haiwezi kuendelea. Watu wa simu huita jambo hilo kuruti: unavunja kufuli alizoweka mtengenezaji, unakuwa na amri juu ya kila kitu ndani yake, hata unaweza kuidanganya simu iseme uko Rayners Lane na wewe umelala kwako. Mama Noella hakuwa akiyajua hayo. Alijua kuongeza mwanga na kupunguza mwanga. Aliingia ndani, akampa mzee uji wake, akamvisha soksi, akaondoka. Alasiri jirani akamkuta mzee yule ameanguka sakafuni.

Mzee hakufa, lakini hospitali alikuwa hakumbuki hata jina la mwanawe, seuze nani alimpa uji. Ofisini hakukuwa na alama yoyote kwamba mtu alifika. Kulikuwa na taarifa tu kwamba simu ya Mama Noella imevunjwa ulinzi, na kwa bahati yetu mbaya kulikuwa kumekamatwa mhudumu mwingine, kabla yake, aliyefanya ujanja huohuo ili alipwe bila kufika kazini. Wakamsimamisha Mama Noella kazi mpaka kikao cha nidhamu, na wakamwambia aje na simu ileile. Nilimwambia, “Mama, tununue nyengine, hii itupilie mbali.” Akanitazama kama mtu aliyeambiwa aoge kwa matope. “Nikibadili, batasema nimeficha. Mi sikuigusa hii kitu, Raya. Ile telefone iko nasema bongo.” Yaani inasema uongo. Nilimwamini, na nilijua kwamba kumwamini kwangu hakuna bei katika ofisi yoyote ya mji huu.

Tukaenda kwa Seif. Edgware Road mchana ni moshi wa shisha, harufu ya nyama, na wake wa Kiomani wanaopita na mifuko mikubwa bila kutazama kulia wala kushoto. Seif alimkalisha Mama Noella kwenye kiti chake mwenyewe, akamwagizia chai, akaichomeka simu kwenye kompyuta na kukaa kimya kwa muda ambao kwa mtu mwenye domo kama lake ulinitia hofu. “Haijaguswa hii,” akasema mwishowe. “Mama, simu yako haina kosa. Ishatoka kiwandani na alama za majaribio, mafundi wao wamesahau kuzifuta. Hiyo app ikiziona alama inapiga kelele mwizi, mwizi. Haichunguzi zaidi ya hapo.” Mama Noella akaniomba nimweleze tena polepole, kisha akasema, “Ni kama kwetu. Basoda balikuwa banashika kila kijana mwenye kuvaa buti.” Seif akaitikia kwamba ndivyo hasa, askari wanamwona muasi kwenye buti. Nikamuuliza kama anaweza kuandika maneno hayo tuyapeleke ofisini. Akacheka, si kwa ubaya. “Bi Raya, niandike mie? Fundi wa kona, na Kiingereza changu hichi? Nani atanisoma?”

Kisha akatoa rai yake, nayo ndiyo iliyotuharibia mwaka. Alama zile hazifutiki kwa kuambiwa futika. Dawa, alisema, ni kuiruti simu kweli, halafu humo ndani uweke kitu cha kuificha kwa kila anayechungulia. Hapo programu itaangalia isione lolote, itanyamaza, Mama Noella atakwenda kwenye kikao na kuifungua mbele yao. Nilimwambia Seif ana wazimu. Ili mtu aonekane hakufanya, afanye? “Ndo dunia ya simu,” akasema, “mkweli lazima ajifiche.” Mama Noella alikunywa chai yake mpaka majani, akaiweka simu kwenye mkoba, akashukuru, tukarudi Queensbury.

Jumapili ile, tukiwa jikoni tunasubiri sombe ya barafu iyeyuke, alinieleza jambo ambalo hakuwahi kulisema, na alilisema akiwa amenipa mgongo. Alipofika nchi hii akaomba hifadhi, walimhoji kwa mkalimani. “Ule mukalimani alikuwa mutu muzuri, Raya. Alinihurumia. Mi nilisema tulikimbia nyumba, basi. Yeye akaongeza: nyumba ilichomwa. Alifikiri ananisaidia, juu nyumba ya kuchomwa inaingia haraka kwa roho ya muzungu.” Miezi ikapita, wakamhoji tena na mkalimani mwingine, wakamuuliza nyumba ilichomwaje. Akasema haikuchomwa, iko, dada yake ameiona. Wakaandika kwamba maneno yake yanapingana na haaminiki. Ilichukua miaka kulisafisha neno moja lile, na miaka hiyo Noella alikuwa anakua Kampala. “Huruma yake ilikula miaka ya mtoto yangu,” akasema. Nilisema basi tusiiguse simu, twende kikaoni nayo ilivyo, tuseme kweli.

Alikaa akikoroga maji matupu kwenye sufuria. Kisha akasema kwamba amesali juu ya jambo hilo na ameamua ampelekee Seif. Nilishangaa, nikamkumbusha maneno aliyoyasema punde tu. “Ile ilikuwa mutu kwa mutu,” akajibu. “Hii ni mashine. Kwa mutu mi sitasema bongo tena hata kwa kisu. Lakini mashine ikinisingizia, mi nitaifunga mdomo, Mungu ataelewa.” Nimeyafikiria maneno yale mara nyingi. Leo watu wenye shahada wanaandika makala ndefu juu ya kuhukumiwa na mashine, nami nikizisoma namwona na mwiko mkononi, akipanga na Mungu wapi uongo unaanza. Sikumzuia. Yeye ndiye aliyekuwa na mtoto, na mimi nilikuwa na umri wa kufikiri kwamba wakubwa wanajua.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Simu ilikuwa imefungwa kuliko Seif alivyodhani. Kabla ya kuiruti ilibidi afungue kufuli ya kwanza kabisa, ile inayoamua simu iwakeje, na kufuli hiyo ilitaka namba za siri kutoka kwa watengenezaji wenyewe, nao hawakumjibu. Akajaribu njia za mitandaoni, moja baada ya nyingine, za vijana wa nchi za mbali wanaosaidiana bila kujuana. Tulipokwenda kumwona alikuwa na macho mekundu na hana utani. Mara moja simu ilikwama kwenye nembo yake, inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika, na Mama Noella akauliza taratibu kama imekufa. Ilifufuka baadaye. Lakini kufuli ile ilipofunguka ilifuta kila kitu: picha za Noella, sauti zake za kuimba, ujumbe wa mama mdogo. Ni desturi ya simu, Seif akatueleza, ili mwizi asipate vya mwenyewe. Alikuwa ametuonya na sisi tulikuwa tumeitikia bila kusikia. Mama Noella alikaa kwenye kiti cha Seif mikono mapajani. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, mpaka mwenye duka akaniletea karatasi za kufutia.

Na Seif alipokwisha kuiruti na kuweka kile kifichio chake, ile programu ikafunguka! Lazima niseme jinsi tulivyofurahi, maana ilikuwa kweli. Seif alipiga makofi, Mama Noella akaimba ubeti wa kanisani pale katikati ya Waarabu, tukala mishikaki kwenye mkahawa wa jirani, akaniambia Noella akija atampeleka hapo kwanza kabla ya kanisani. Furaha ile ilidumu mpaka kampuni ilipobadilisha programu yake kwa toleo jipya, siku chache kabla ya kikao. Andiko jekundu likarudi. Safari hii lilikuwa linasema kweli. Tena lilikuja na mwenzake: kila simu ilipowashwa, kabla ya nembo, skrini nyeusi ilitangaza kwamba kufuli imefunguliwa na simu haiaminiki. Seif alijaribu kuirudisha ilivyokuwa, ikakataa. La kuvunda halina ubani.

Kwenye kikao nilikwenda kama mkalimani wake, kwa kuwa kampuni ilimruhusu mtu wa kumsaidia na hakuwa na mwingine. Chumba kilikuwa na meza ya duara, jagi la maji, na mmea wa plastiki wenye vumbi. Msimamizi alikuwa mama wa Kiingereza wa makamo, amechoka, mwenye mafua, na hakuwa adui. Hilo ndilo linalonisumbua. Alimwomba Mama Noella aizime simu na kuiwasha. Sote watatu tukaiangalia ikitangaza habari zake. Msimamizi akapenga kamasi, akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini kwamba mzee wa Rayners Lane ameanza kukumbuka uji, yeye mwenyewe anaamini mama huyu alifika, na kinachobaki ni hii simu tu. “Muulize kama aliinunua ikiwa hivi,” akasema. “Akisema ndiyo, dukani waliiuza hivi, mimi leo nafunga faili.” Aliniangalia vizuri nilipokuwa nikimsikiliza. Alikuwa anatupa mlango.

Nikamgeukia Mama Noella, nikamwambia yote kwa Kiswahili, na mwishoni nikaongeza, kwa jicho tu, kile ambacho sikuweza kukisema. Akanielewa. Akaweka mkono juu ya goti langu. “Mwambie hapana. Niliinunua haijafunguliwa. Walipoita mimi mwongo, njo nilipeleka kwa fundi, akafungua. Ni mimi nilimwambia afungue. Sema yote, Raya, usikate na usiongeze.” Kwetu husemwa heri nusu shari kuliko shari kamili, na nusu shari ilikuwa hapo mezani, neno moja la Kiingereza, jepesi, ambalo hata mtoto mchanga analiweza. Lakini “yes” yeye pia aliijua. Angenisikia. Nikaona mgongo wake pale aliponiambia habari ya nyumba ambayo haikuchomwa, nikafungua mdomo, nikasema yote. Msimamizi akafumba macho. Akasema kwamba sasa hana la kufanya, na akaanza kuandika.

Alifukuzwa kazi. Wakili akatuma barua ya huzuni. Mama Noella alipata kazi ya kusafisha maofisi, kisha akaipoteza, kisha akapata tena, na karatasi za mtoto zikaanza upya kutoka mwanzo, na kila mwanzo ulikuwa na foleni yake. Mimi nilihama Queensbury kabla mwaka haujaisha kwa sababu nilishindwa kusikiliza zile simu za alasiri ukutani, mama akieleza kwa nini bado. Nikasomea ukalimani. Waalimu walitufundisha kwamba mkalimani haongezi wala hapunguzi, wenzangu wakaandika kwenye daftari zao, mimi sikuandika. Noella alifika akiwa na miaka kumi na sita, mrefu kuliko mama yake, na nilipokwenda kuwaona waliketi kwenye kochi moja kama watu wawili wanaosubiri basi tofauti.

Basi Jumamosi ile ya matanga, watu walipokuwa wanakula, Noella akaja kukaa karibu nami na sahani yake. Sasa ni mwanamke wa haja, anafanya kazi benki, na Kiswahili chake cha utotoni anakichanganya na cha huku. “Tantine Raya,” akasema, kama Wakongo wanavyowaita shangazi zao, “Mama always aliniambia nilichelewa kuja juu telefone iliharibika. That’s all. Mi nilifikiri ni joke.” Akaniuliza ilikuwaje. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, mpaka kwenye meza ya duara. Aliacha kula. “So ungesema yes, ningekuja?” Nikasema ndiyo, nadhani ungekuja. “Nilikuwa na miaka kumi na moja,” akasema. Nilitamani angalau anigombeze.

Hapo mzee wa kanisa akamwita atoe neno la shukrani. Ukumbi ulikuwa na wazee wasiojua Kiingereza, na watoto na majirani wasiojua Kiswahili, kwa hiyo mzee akaniomba nisimame naye nikalimani, si ndiyo kazi yangu? Noella alishukuru kwaya, akashukuru wapishi, nami nikafuata nyuma yake sentensi kwa sentensi. Kisha akasema kwa Kiswahili, akiwaangalia wale mama wakubwa wa mbele: “Mama yangu hakutaka kusema bongo, hata moja, hata kwa ajili yangu. Mi ninamheshimu. Lakini sijamsamehe bado.” Akina mama wakaguna. Wale wasiojua lugha walinigeukia wakitabasamu, wanangoja neno zuri juu ya marehemu, na jeneza lilikuwa pale pale lenye maua. Noella hakuniangalia. Nikawaambia kwa Kiingereza kwamba mama yake hakutaka kusema uongo, hata mmoja, hata kwa ajili yake, kwamba anamheshimu, na kwamba hajamsamehe bado.